Nilimfufua Bakari kwa Kalamu, Nikamzika kwa Mdomo

Nimekosa! Nalisema mwanzo kabisa, usije ukanihurumia njiani halafu ukajuta. Mwenye makosa ni mimi, si Mfaransa, si shetani, wala si yule mkalimani wa Ikoni nitakayemtaja baadaye. Ni mimi na huu mdomo wangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu hakisomi. Hapa Moroni watu wana lugha yao. Ukiisikia kwa mbali utadhani ni yetu, ukisogea unaachwa. Kiswahili wanakijua wazee wachache na wafanyabiashara, na hao ndio ninaowaogopa. Basi majina yote humu nimeyageuza, na karatasi hizi anazichukua mtu anayesafiri kwenda Mombasa, naye hajui amebeba nini.

Nina hofu, ndugu yangu. Mlango ukigongwa, nazificha karatasi hizi kwanza.

Mimi ni Mngazija wa damu, lakini nimezaliwa Unguja na kukulia huko. Mambo yalipoharibika nikaja huku kwa wazee wangu, mikono mitupu, bila hata karatasi ya kuzaliwa. Nikapata kazi ya kupiga taipu kwa mfanyabiashara wa mchele na nguo, kisha nikaoa mtaa wa Magudju. Huku nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia, na akikosea ndiye anayetoka. Mke wangu nitamwita Zalihata. Upande wa pili wa ua ule ule alikaa dada yake mkubwa, Mariama, na mumewe, Mdahoma.

Mdahoma na mimi tukawa wanyumba, tumeoa ndugu wawili. Alikuwa mshona viatu, mtu mzima, mpole, haongei mpaka aulizwe. Alisema kwao ni kijiji cha kusini ya kisiwa, na hakuna aliyemchimba zaidi. Wengine mle ndani waliniita mtu wa kuja. Yeye hakuniita hivyo hata siku moja. Nilipoumwa homa mara tu baada ya kufika, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali, na viatu nilivyovaa siku ya harusi yangu alinishonea yeye.

Huyo ndiye niliyemtenda. Lo! Hata kuandika naona aibu.

Sasa nije kwenye ugonjwa wangu, nao ni sataranji. Huku wapo watu wa sataranji tangu enzi za masultani, na mimi Unguja nilifundishwa nikiwa mdogo. Mzungu mmoja, mwalimu, alikuwa akitoa kijarida cha Kifaransa, na humo akaanza kuandika maisha ya wachezaji wa visiwa hivi. Jamani, makosa! Mtu aliye hai kafanywa marehemu. Mtu wa Mutsamudu kafanywa wa Bukini, nchi nyingine kabisa. Fundi Kasimu, maana huku mwalimu wa Kurani huitwa fundi, aliandikwa kwamba mchezo alifunzwa na baharia wa Kizungu, na mwenyewe alifunzwa na mjomba wake, ndugu wa mama. Alikasirika mpaka kilemba kikamlegea.

Ndipo akatukusanya watu wachache, kwa kujitolea, tuwaandike upya wachezaji wetu mmoja mmoja. Alizaliwa wapi, alifunzwa na nani, alikuwa na mtindo gani, alimfunga nani na alifungwa na nani. Wasifu ukikamilika, ulisomwa bangweni, ule uwanja wa mji wanapokaa wanaume baada ya sala ya alasiri. Mwisho wa kusoma Fundi Kasimu aliuliza neno lile lile kila mara, "Mwenye sahihisho na aseme." Kukiwa kimya, maneno yanabaki kama yalivyo. Kukiwa na ubishi, tunarudi kuuliza tena.

Kupiga taipu kulikuwa kwangu. Kusoma hakukuwa kwangu. Kwa nini? Kwa sababu sikuwa nimefanya ndoa kubwa, ile harusi ya mji mzima ambayo mwanamume asipoifanya huhesabiwa mtoto hata akiwa na mvi. Mtoto hasemi bangweni. Nilikaa nyuma na vijana wanaobalehe, nikisikiliza watu wakiyasoma vibaya maneno niliyoyatafuta mimi.

Liliniuma hilo. Liliniuma sana, na sikumwambia mtu.

Katika wasifu wote, mmoja ulikuwa mfupi kupita kiasi, nao ni wa Bakari wa Mutsamudu. Kila mtu alikubali kwamba mchezaji kama huyo hajatokea. Lakini maisha yake yalikuwa mistari michache, kisha: alizama baharini akielekea kisiwa cha Maore. Basi. Sisi wa kundi letu na yule Mzungu wa kijarida, kwa mara moja, tuliandika sawa.

Tajiri wangu akanituma huko Mutsamudu, kisiwa cha pili, kufuatilia mzigo uliokwama. Nilishuka uwanja wa Wani kwa ndege, na mzigo ulipokwisha kuonekana nikaingia vichochoro vya mji kuuliza habari za Bakari. Niliwakuta mafundi cherehani, wachuuzi, wazee wa barazani, wote walicheza naye au walimwona akicheza. Wote wakanipa jambo moja ambalo sikuwahi kulisikia. Walisema kete za farasi, zile zenye vichwa vya kuchonga, watu wote huzipanga zikimtazama mpinzani. Bakari alizigeuza. Farasi wake walimtazama yeye mwenyewe. Aliulizwa kwa nini, akasema farasi asiyemwona bwana wake hupotea.

Nilifurahi kama aliyeokota lulu! Nikawauliza, je, alikufaje?

"Alizama akielekea Maore."

Nikamwuliza wa pili. Alizama akielekea Maore. Wa tatu hivyo hivyo, neno kwa neno, na macho yake yakaenda mlangoni. Sasa mimi kazi hii nilikwisha kuizoea. Watu wakikumbuka kweli hawafanani. Huyu atasema ilikuwa Jumatatu, yule atasema ilikuwa mvua, na watagombana juu ya rangi ya jahazi. Hawa walikuwa wamekariri.

Mpagazi mmoja wa bandarini ndiye aliyenipa lililobaki, huku anatazama pembeni. Siku alizopotea Bakari, katika shamba moja la mlangilangi, nyumba wanapochemshia maua kutoa mafuta iliungua, na msimamizi wa Kizungu akaungua mkono wa kulia. Bakari ndiye aliyekuwa akiwasemea vibarua. Askari wa Kifaransa walimtafuta kisiwa kizima. Kama alichoma, kama hakuchoma, yule mpagazi hakujua, na mpaka leo mimi pia sijui.

Kabla sijaondoka, mwalimu wa Kurani wa pale, mzee sana, aliniita kibarazani kwake. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba kuna mtu kutoka Moroni anauliza.

"Mwanangu," akaniambia, "kila mtu wasifu wake una mwisho. Wa Bakari umekwisha. Uache ulale."

Unasikia? Niliambiwa! Sitaki kesho kiyama niseme sikuambiwa.

Nilirudi Moroni, na kwa mapenzi tu nikaanza kuwapanga farasi wangu kama Bakari. Kila nikikaa kwenye ubao wangu uani, nawageuza wanitazame mimi. Ikawa mazoea, mkono unakwenda wenyewe.

Siku moja nilikuwa nacheza peke yangu, upande huu na upande ule, nikakwama. Adhana ya alasiri ikalia, nikaacha ubao vile vile nikaenda msikitini. Niliporudi, kete moja ilikuwa imesogezwa, na mchezo uliokwama ulikuwa umefunguka kama mlango. Nikazunguka upande wa pili. Farasi weusi, niliokuwa nimewaacha wametazama mbele, walikuwa wamegeuka. Walikitazama kigoda cha Mdahoma.

Mdahoma, ambaye siku zote alituambia hajui hata kete zinavyokwenda! Alikuwa amekaa pale pale, sindano mdomoni, anashona kandambili.

Nilikaa chini. Sikumwuliza, naye hakusema. Nadhani mkono wake ulimshinda tu, kama mlevi aliyeacha anavyoshindwa na harufu. Alikuwa amejizuia miaka na miaka kando ya ubao wangu, siku hiyo akashindwa.

Nilikwenda kwa Fundi Kasimu peke yangu, nikamwambia wasifu wa Bakari una kosa, hakuzama, na mimi nakaribia kujua yuko wapi. Sikumtajia nani. Fundi Kasimu hakushangaa. Hilo ndilo lililonikasirisha, kwamba hakushangaa! Alinyoosha mikono, akasema tusome Fatiha. Tukasoma. Huku Fatiha ikisomwa, jambo limefungwa, hulifungui tena. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikasema amina, nikatoka, na moyo wangu haukuwa umefunga kitu.

Kumbe walijua! Fundi Kasimu alijua, wazee walijua, pengine Mariama alijua kabla hajaolewa. Lile kosa halikuwa kosa, lilikuwa shuka wamemfunika nayo mtu. Na mimi, msahihishaji mkubwa, nikaona kwamba nimedhulumiwa.

Ningenyamaza labda, lakini siku hizo hizo bangweni msomaji alikosea mstari niliouandika. Nikainuka nikamsahihisha kwa sauti. Mzee mmoja hata hakunigeukia.

"Mtoto, kaa."

Watu wakacheka. Ndugu za mke wangu walikuwepo. Nilikaa, masikio yanawaka moto.

Kesho yake kazini, juu ya mashine ya tajiri, kwa Kifaransa changu cha barua za mchele, nilimwandikia yule Mzungu wa kijarida. Sikuweka jina langu. Jina la Mdahoma pia sikuliweka, na hapo nilijiona mwangalifu, nina akili! Niliandika tu kwamba Bakari hakuzama, yuko hai, anaishi Moroni, na farasi wake mpaka leo wanamtazama yeye. Hayo maneno ya mwisho nilijisifu nayo, niliona yamekaa vizuri.

Kijarida kikatoka nayo. Nilikinunua nikakisoma chooni, wallahi, kama mtoto aliyeiba sukari.

Haukupita muda, mji ukaanza kunong'ona. Ofisa wa askari, mwenyewe mpenda sataranji, alikuwa akipita mtaa kwa mtaa na sanduku la kete kwapani. Popote palipojulikana kuna ubao aliingia, akaketi kwa adabu, akawaomba wanaume wa nyumba wampangie kete. Hakuuliza kitu kingine.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na haijatoka. Sikula. Nilitamani kumwambia Mdahoma akimbie, lakini kumwambia akimbie ni kumwambia nani kaandika. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Kila jioni nilimkuta anashona, ananiuliza kwa nini nimekonda.

Walikuja alasiri. Ofisa mbele, nyuma yake mkalimani, mtu wa Ikoni, mji wa jirani, mwembamba, shati limepigwa pasi. Mariama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, mikono yake ikasimama. Ofisa akatandaza ubao juu ya mkeka, akamwonyesha Mdahoma.

Mdahoma akasema hajui mchezo huo. Mkalimani akasema panga tu, vyovyote. Basi akazipanga kama anavyopanga mtoto: shaha pembeni, ngome katikati, farasi mmoja kalala ubavu, mwingine anatazama ukutani. Ofisa akacheka, akampiga bega. Niliona jasho likimteremka Mdahoma nyuma ya sikio, lakini ofisa hakuliona. Nikapumua. Tumepona!

Ofisa akanigeukia mimi. Na wewe.

Mimi sikuwa na cha kuogopa, mimi si Bakari. Nikapanga upesi upesi ili waondoke. Shaha, waziri, ngome, zote mahali pake. Nilipoinua macho ofisa alikuwa hacheki tena. Nikatazama chini. Farasi wangu wote wawili walikuwa wananitazama mimi.

Maskini mimi! Mkono ulikwenda wenyewe.

Mkalimani akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikasema Unguja. Karatasi iko wapi? Nikasema sina. Mtu wa sataranji, mgeni, hana karatasi, na farasi wamegeuka. Wakaniinua. Zalihata akalia jina langu. Mdahoma akasimama, na mimi nikamtazama usoni kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Yeye alidhani namwambia anyamaze. Mimi nilikuwa namwomba aseme.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Hawakunipiga. Ningependa kusema walinipiga, ingekuwa afadhali yangu. Walinikalisha kwenye kiti, katika chumba chenye dirisha dogo juu. Ofisa akasema kupitia kwa mkalimani kwamba kesho nitapanda ndege mpaka Wani, nipelekwe Mutsamudu, na yule msimamizi aliyeungua mkono atakuja anitazame. Hivyo tu. Ewe ndugu yangu, ningekuwa na akili timamu ningejua nimeokoka! Msimamizi angenitazama, angesema huyu simjui, ningerudishwa nyumbani. Ilikuwa ni kuvumilia usiku ule na safari ile tu.

Lakini hofu haina akili. Niliona pingu, niliona gereza, nilijiona nafia Mutsamudu kwa jina la mtu mwingine. Ulimi ukawa mzito, kisha ukawa mwepesi mno.

Nikasema, "Si mimi. Bakari ni mnyumba wangu, Mdahoma, yule aliyepanga kama mtoto."

Nilisema kwa lugha ya hapa. Ofisa hakuelewa, akamgeukia mkalimani wake. Mkalimani akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ndogo.

"Nitafsiri hayo?"

Alinipa mlango, unaona? Mtu nisiyemjua, anayekula mkate wa Mfaransa, alinifungulia mlango nirudi nyuma. Ningesema hapana, angetunga jambo jingine, na ofisa asingejua milele.

"Tafsiri," nikamwambia.

Akatafsiri.

Ofisa akainuka kuita askari watoe gari. Kabla hajafika mlangoni, mlango ukafunguliwa kutoka nje, na Mdahoma akaingia. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia. Hakuna aliyemleta. Alikuja kwa miguu yake kutoka Magudju.

"Bakari mnayemtafuta ni mimi," akasema. "Huyu mwacheni, ana mke."

Na yeye hakuwa na mke? Astaghafirullah! Hilo lingali linanizunguka kichwani.

Ofisa alishangaa, kisha akacheka, akamwambia kwa Kifaransa kwamba amejisumbua bure, tulikuwa tunakuja kwako, huyu amekwisha kukutoa. Mimi Kifaransa hicho nilikielewa. Nikamtazama mkalimani. Mkalimani akamwambia Mdahoma, "Ofisa anasema ukae."

Ndiyo hayo tu aliyoyatafsiri.

Mdahoma hakukaa kwanza. Alinijia, akanishika mikono yangu yote miwili, na yake ilikuwa migumu kwa gundi na sindano.

"Umenisitiri, ndugu yangu," akaniambia. "Mungu akusitiri na wewe."

Nikaitika amin. Nilisema nini kingine? Niliitika amin, nikatoka nje, nikaenda nyumbani.

Nilipofika Magudju walinipokea kwa vigelegele na machozi pamoja. Zalihata alinikumbatia mbele ya watu, jambo asilolifanya kamwe. Mariama, ambaye mumewe ndiye aliyekuwa ndani, alinishukuru mimi! Alisema Mdahoma alimwambia kabla hajatoka kwamba mtu anayekubali kufungwa kwa ajili yake hawezi kumwacha. Fundi Kasimu akaja na bakora yake kuniomba radhi. Alisema alikuwa ameingiwa na dhana kwamba mimi ndiye niliyekiandikia kijarida, na sasa anaona haya kwa dhana hiyo. Nikamsamehe. Ndiyo, umesoma sawa. Mimi nilimsamehe yeye!

Bakari alipelekwa Mutsamudu, akahukumiwa, akafungwa huko huko kwao. Mariama akipata nafasi huenda kumwona, na kila akirudi ananiletea salamu mimi kwanza, kabla hajanywa maji.

Na mkalimani? Yuko. Kila asubuhi anashuka kwenye teksi ya Ikoni karibu na ofisi yetu, shati limepigwa pasi, ananipa salamu alekum. Hajaniomba kitu. Angeniomba kitu ningelala, ningejua bei ya roho yangu. Siku moja alitukuta sokoni, mimi na Zalihata, akamwambia mke wangu kwamba pale kituoni aliniona kwa macho yake, na hatanisahau. Zalihata akatabasamu kwa fahari. Mimi nilishika ukuta.

Sijui ananihurumia, sijui ananingoja. Nikimwona anaongea na mtu wa mtaani kwetu, siku hiyo mchana wote sipigi taipu, vidole vinakataa.

Halafu likaja la bangweni. Kwa kuwa siri ilikuwa imekwisha kutoka, kundi letu likaamua wasifu wa Bakari uandikwe upya, wote, bila shuka. Nani ataupiga taipu? Mimi. Fundi Kasimu alisema maneno, mimi nikayachapa, na mwishoni akasema, andika hivi: mnyumba wake alichukuliwa badala yake, akanyamaza, mpaka Bakari mwenyewe alipojitokeza. Niliyachapa hayo kwa vidole hivi. Nilikosea herufi mara nyingi, akadhani ni unyenyekevu.

Ulisomwa baada ya alasiri, uwanja umejaa. Kabla ya kusoma, mzee yule yule aliyeniambia mtoto, kaa, alisogea kwenye benchi la mawe, akapiga nafasi kando yake kwa kiganja. Nikaketi na wakubwa, bila ndoa kubwa, mbele ya ndugu za mke wangu. Nilikuwa nimevaa viatu alivyonishonea Mdahoma. Nilichokuwa nakitamani miaka yote nilikipata, na kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wasifu ukasomwa mpaka mwisho. Fundi Kasimu akatazama kulia na kushoto.

"Mwenye sahihisho na aseme."

Kimya. Nikamwona mkalimani, amesimama nyuma ya watu, mikono mifukoni. Alikuwa ananitazama mimi tu, nyusi zimeinuka kidogo, kama siku ile alipouliza nitafsiri. Kwa mara ya pili mtu yule alinifungulia mlango. Nilikuwa na ruhusa ya kusema, nimekaa mahali pa wasemaji, na sahihisho lilikuwa kinywani mwangu. Nilifungua mdomo, nikameza mate.

Fundi Kasimu akanyoosha mikono, tukasoma Fatiha. Nami nilisoma.

Basi hili ndilo sahihisho langu, nalitoa kwenu msionijua, kwa lugha ambayo hawanisomi. Bakari hakuzama. Na mimi sikunyamaza.

Wewe unayependa kupekua maisha ya watu, unayewashwa ukiona tarehe haikai sawa au jina limerudiwa, nakusihi. Kabla hujalifuta kosa, uliza nani amelala chini yake. Ukiambiwa uache, acha. Na ukiona unataka kuongea kweli siku ile ile uliyoaibishwa mbele za watu, funga mdomo mpaka hasira ipoe, maana hiyo si kweli unayoitaka. Mimi niliitwa mtoto mara moja nikaona nimekufa. Laiti ningebaki mtoto!

Wiki hii Mariama amerudi kutoka Mutsamudu anacheka peke yake. Amefagia kibanda cha viatu, amefua mkeka. Wanamwachia karibuni, wamempunguzia. Ameniletea salamu kama kawaida. Bakari anasema sasa hana tena cha kuficha, na tangu nilipohamia pale uani alikuwa na hamu ya kucheza na mimi akashindwa. Nipange ubao, nimsubiri.

Nimeutoa ubao, nimeufuta vumbi. Kete zote nimeziweka mahali pake. Sijui farasi niwaelekeze wapi.